Masikio ya Laptopu Mpya

Katika miaka ishirini na sita ya upelelezi, Kurunzi alishatafuta magari yaliyoibwa, waume waliotoroka, na hata marehemu mmoja aliyekuja kukutwa hai anakunywa soda. Lakini hii ilikuwa mara yake ya kwanza kutafuta mwizi wa kitu ambacho hakikuibwa, na ambacho yeye mwenyewe hakuruhusiwa kukiona.

"Nikione kwanza," alimwambia Mkurugenzi wa kampuni ya kompyuta, Alhamisi saa mbili asubuhi. "Daktari hapimi mgonjwa kwa kusimuliwa."

"Haiwezekani, Bi Kurunzi. Hujasaini hati ya siri."

"Nipe nisaini."

"Lazima mwanasheria awepo, na mwanasheria yuko safarini. Anarudi kesho asubuhi."

Kitu chenyewe kilikuwa humo humo ofisini, hatua nne kutoka kwenye kiti cha Kurunzi, juu ya meza ndogo, kimefunikwa kitambaa cha buluu. Ni laptopu mpya. Kwa miaka minane kampuni ile ilikuwa inauza laptopu yenye sura ile ile, ikibadilisha rangi tu kama bibi arusi anayetia gauni lile lile rangi mpya. Sasa sura ilikuwa imebadilika, na uzinduzi ulikuwa Jumamosi. Mji mzima haukuwa na habari nyingine.

"Mtaani wanasemaje?" Mkurugenzi aliuliza, na jicho likamng'aa.

"Wanasema inakunjwa mara nne kama leso."

"Mara nne!" Alicheka mpaka tai ikapinda. Halafu akakumbuka kuwa ana hasira. Akafungua droo, akatupa juu ya meza mfuko wa kitambaa kizito, wa kijivu, wenye zipu. "Huu unauzwa barabara ya pili kutoka hapa. Kibao kimeandikwa: *Mfuko wa laptopu mpya. Ikiingia utanikumbuka.*"

"Na imeingia?"

"Urefu, upana na unene. Kama pete na kidole. Mishono imeacha milimita mbili kila upande." Akashusha sauti. "Vipimo hivyo wanavijua watu sita duniani."

Kurunzi akatoa futi yake ya kushonea, akapima, akaandika. Kisha akaupindua mfuko. Katikati ya upande wa kushoto palikuwa na uvimbe wa nusu duara, umeshonwa kwa ustadi. Upande wa kulia, mwenzake.

"Na haya masikio?"

Mkurugenzi akakaa wima. "Kuhusu masikio sithibitishi wala sikanushi."

"Mzee, nimekuja kukusaidia au kukuhoji?"

"Hujasaini."

Mtuhumiwa alikuwa ameshapatikana, alisema. Ni Randa, mchonga sampuli, anayetoa umbo la kila laptopu kwenye mbao kabla halijaenda kiwandani. Wale wengine watano hawatoki hata kwenda kula bila kusindikizwa. Na fundi anayeshona mifuko hiyo ni nani? Dada wa mke wa Randa. Mkurugenzi akagonga bahasha kwa kidole. "Barua ya kumwachisha kazi iko tayari. Kesho saa nne naisaini."

"Kwa hiyo nina siku moja."

"Na saa mbili," alisema Mkurugenzi, ambaye alikuwa mtu wa haki.

*

Randa alikuwa barazani kwake, anapiga msasa mguu wa stuli. Alikuwa mtu mrefu, mtaratibu, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Kutoka ndani, mkewe akapaza sauti: "Mgeni karibu! Huyo wako yuko likizo, msumbue tu!"

"Likizo?" Kurunzi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Wamenisimamisha tangu Jumatatu. Sijamwambia."

"Kwa nini?"

"Ni mambo ya ofisini. Nilisaini."

"Umefanya kazi pale miaka mingapi?"

"Kumi na tisa." Akapuliza vumbi. "Na nikitoka pale, mama, sijui naenda wapi. Kuna mafundi wa vitanda, kuna mafundi wa milango. Mtu wa kuchonga kitu kisichowaka, kisichofunguka, kisichouzwa, anaajiriwa na nani?"

Kurunzi alitoa mfuko kwenye mkoba wake na kuuweka juu ya stuli, kisha akamtazama usoni, kwa maana kazi ya kwanza ya mpelelezi ni kutazama uso kabla haujajiandaa.

Randa akatazama mfuko. Akatazama upande wa kushoto. Akatazama wa kulia. Akaanza kucheka. Alijaribu kukizuia kicheko, akakibana kwa kiganja, kikamtokea puani, msasa ukamdondoka.

"Umecheka nini?"

Uso ukafunga kama duka la Jumapili. "Siwezi kusema."

"Ni masikio?"

"Siwezi kusema, mama."

"Kesho saa nne unafukuzwa."

"Najua."

"Kama una neno la kukuokoa, litoe."

"Nilisaini," alisema Randa, akaokota msasa wake. "Ukisaini kitu, umesaini."

Barabarani Kurunzi akafungua daftari. Aliandika neno moja, *Kacheka*, akalipigia mstari mara mbili. Alishawaona wezi wakilia, wakiapa, wakizirai. Mwizi wa kucheka akionyeshwa mali ya wizi hakuwahi kumwona.

*

Kibanda cha fundi wa mikoba kilitazamana na saluni ya kinyozi, na Kurunzi alianza na saluni. Jambo la mtu mmoja liulize kwa jirani yake. Atakupa lile ulilokuja kuuliza na matatu ya ziada.

Ndani palikuwa na mteja mmoja, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado. Mabishano yalikuwa yamepamba moto.

"Masikio ni spika," alisema mteja. "Moja la muziki, moja la habari."

"Spika wapi!" Kinyozi akatikisa kitana. "Ni ya kusikilizia. Ukimsema bosi wako, inaandika yenyewe."

"Basi hiyo itanifukuzisha kazi kabla sijaiwasha."

"Mimi nitanunua hivyo hivyo. Unaijua raha ya kuwa na kitu chenye masikio? Unakishika kama sufuria!"

Kurunzi akakaa kwenye benchi. "Huyo wa mifuko ameyajuaje hayo masikio?"

Kinyozi akatazama kushoto, akatazama kulia, ingawa wote waliokuwemo walikuwa wanamsikia. "Mama, mimi si mmbeya."

"Nimeona."

"Lakini wiki tatu zilizopita, jioni, shemeji yake alimletea kitu kimefungwa gazeti. Cha mbao. Hivi." Akapima hewani, urefu na upana wa laptopu barabara. "Aliingia nacho, akatoka mikono mitupu. Mimi nikasema, hee. Nikaendelea kunyoa."

Kurunzi akaandika. Kitu cha mbao, saizi ile ile, mkononi mwa mchonga sampuli. Kwa Mkurugenzi hiyo ingetosha kusaini barua mara mbili.

"Sasa huyu tumbadilishie mashine," kinyozi akasema, "hii imechoka kama mwenyewe." Akachukua boksi jipya rafuni, akafungua kifuniko. Mashine ya kunyolea ilikuwa imelala ndani ya sponji nyeusi, imezama kwenye tundu lake. Kinyozi akaingiza kidole gumba upande huu na vidole viwili upande ule, akaichomoa.

Kurunzi akasimama. "Irudishe."

"Nirudishe nini?"

"Mashine. Irudishe ndani, halafu uitoe tena. Polepole."

Kinyozi akairudisha, akaitoa. Gumba huku, vidole kule.

"Tena."

"Mama," mteja akasema, "kichwa changu kiko nusu."

"Kitaota, usijali. Vidole vyako umeviingiza wapi?"

"Si hapa?" Kinyozi akaonyesha. Tundu la sponji lilifuata umbo la mashine vizuri, isipokuwa katikati, kila upande, sponji ilikuwa imekatwa nusu duara kwenda nje, ili vidole vipate nafasi. "Bila hivi utaitoaje? Kwa meno?"

Kurunzi akaomba gazeti. Akalaza sponji tupu juu yake, akapitisha penseli ukingoni mwa tundu, mzunguko mzima, akainua. Wote watatu wakainama.

Kwenye gazeti ilikuwa imechoreka mashine ya kunyolea, na mashine ile ilikuwa na masikio.

*

Fundi wa mikoba alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, anayeongea na pini nne mdomoni bila kumeza hata moja. Ukutani nyuma yake mifuko themanini ilining'inia, masikio mia na sitini.

"Karibu dada! Wa kijivu umekwisha, umebaki wa kahawia. Masikio yote nimetia bitana."

"Kiolezo chake umekipata wapi?"

"Aa, dada. Unamuuliza mpishi chumvi?"

"Kwa shemeji yako?"

Alicheka, pini zikatikisika. "Yule? Tangu asaini makaratasi yao, ukimuuliza saa ngapi anakuuliza unaitakia nini. Dada yangu ameolewa na kabati, tena lililofungwa na ufunguo umepotea."

"Alikuletea kitu cha mbao, kimefungwa gazeti. Jioni, wiki tatu zilizopita."

"Umetoka kwa kinyozi wewe." Akavuta droo ya meza ya cherehani, ikachomoka yote. Ilikuwa mpya, mbao bado nyeupe, saizi ya laptopu kabisa, imejaa vifungo na bobini. "Droo yangu ilivunjika. Akanichongea. Kaa nayo, mpelekee kinyozi alale nayo."

Kurunzi akaipima droo kwa futi, ndani na nje, maana neno si kipimo. Ilizidi kila upande kwa sentimita mbili. Akaufuta mstari mmoja daftarini. Kisha akavuta kiti karibu.

"Dada, sikiliza. Mimi si mteja. Shemeji yako hayuko likizo. Wamemsimamisha kwa sababu ya mifuko hii. Kesho saa nne wanamfukuza."

Pini zikaanguka, moja moja, sakafuni.

"Kwa mifuko yangu?"

"Kwa mifuko yako."

Fundi akainuka. Aliingia nyuma ya pazia, akatoka anaburuta gunia, akalimwaga. Vipande vya sponji nyeusi vikatapakaa: bapa, virefu, vyote sawasawa, vimekatwa kwa kisu cha mashine. Kila kimoja kilikuwa na pembe za mviringo na unene wa vidole viwili. Na kila kimoja, katikati ya ubavu, kilikuwa na masikio.

"Kila wiki nanunua mabaki ya sponji pale karakana ya maboksi, ya kutandika ndani ya mikoba," alisema, na sauti haikuwa na mzaha tena. "Siku zote yanakuja vipande vipande. Mwezi uliopita yakaja hivi. Sitini, kama mapacha. Na kila mtu anajua maboksi ya kampuni yanatengenezwa pale. Nikasema, hii ndiyo yenyewe! Nikalaza kimoja juu ya kitambaa, nikakata. Shemeji yangu hajui lolote, dada. Naapa kwa mikono yangu hii."

Kurunzi akachukua kipande kimoja, akakizungusha.

"Na haya ulidhani ni nini?"

"Nilijua ni masikio. Ya nini, sikujua. Kazi yangu ni kushona, si kuuliza viumbe vimeumbwaje."

*

Karakana ya maboksi ilinuka gundi, na msimamizi wake alinuka hivyo hivyo, ndiyo maana watu walimwita Gundi. Alimpokea Kurunzi kwa heshima zote, akamwonyesha mashine ya kukatia sponji. Kisu kilishuka, kikazunguka, kikapanda. Gundi akainua sponji yenye tundu, akaiweka kwenye boksi. Kile kilichotoka ndani ya tundu akakitupa guniani bila kukitazama.

"Hicho?" Kurunzi aliuliza.

"Hicho si kitu. Ni tundu."

"Masharti ya siri mliyopewa yanasemaje?"

Gundi akatoa karatasi, imetunzwa ndani ya plastiki. Aliisoma kwa fahari ya mtu ambaye hajawahi kukosea. Michoro irudishwe. Picha zisipigwe. Sampuli isitoke. Boksi lililoharibika lichomwe moto. "Tumefuata yote. Njoo uone majivu."

"Na kilichotoka kwenye tundu?"

Gundi akasoma tena, kutoka juu, akisogeza kidole. Alipofika kwenye saini, akainua kichwa polepole.

"Hakuna aliyeandika kuhusu tundu," alisema.

"Saini hiyo ya nani?"

"Ya Mkurugenzi mwenyewe."

Kurunzi akaomba nakala.

*

Ijumaa, saa nne kasorobo, ofisini walikuwa wanne: Mkurugenzi na kalamu yake, mwanasheria na begi lake la safari, Randa aliyevaa shati la arusi, na Kurunzi aliyebeba kifurushi cha gazeti. Kitambaa cha buluu kilikuwa pale pale, juu ya meza ndogo.

"Umepata ushahidi dhidi yake?" Mkurugenzi aliuliza.

"Nimepata jambo moja," Kurunzi alisema. "Laptopu yenu haina masikio."

Mkurugenzi aliruka kama aliyekalia pini. "Nani kakwambia?"

Mwanasheria akafunika uso kwa mikono yote miwili.

"Umeniambia wewe, sasa hivi," alisema Kurunzi kwa upole. "Lakini nilikuwa nimeshajua. Huu mfuko una kila kipimo chenu sawasawa, halafu una masikio ambayo hayapo. Nyinyi mlionaje?"

"Tulidhani ni urembo. Au wanajifanya hawajui."

"Mtu aliyechonga laptopu hii kwenye mbao, akaipiga msasa kwa mikono yake, anajua kama ina masikio au haina. Jana nilipomwonyesha mfuko huu, alicheka. Angempa shemeji yake kiolezo, angempa cha kweli. Aliyeshona mfuko huu hajaiona laptopu yenu. Aliona mahali inapolala." Akafungua gazeti, akaweka kipande cha sponji mezani, kando yake nakala ya masharti ya karakana. "Hiki kimetoka katikati ya sponji ya boksi lenu. Viko sitini, vimeuzwa kwa gunia, mchana kweupe. Masikio ni nafasi ya vidole. Someni masharti, mnionyeshe mahali palipokatazwa."

Mkurugenzi akasoma. Mwanasheria akasoma juu ya bega lake. Walipofika kwenye saini, mwanasheria akakohoa kwa adabu.

"Kwa hiyo aliyevujisha ni…"

"Ni tundu, mzee," Kurunzi akamsaidia. "Nalo halikusaini."

Kisha Mkurugenzi akamgeukia Randa. "Wewe! Uliyaona masikio jana! Kwa nini hukusema kwamba hayapo?"

Randa akamtazama mwanasheria. "Ninaruhusiwa kujibu?"

"Jibu."

"Kusema haina masikio ni kusema ilivyo. Na huyu mama alikuwa hajasaini."

Mkurugenzi alimtazama kwa muda mrefu mtu huyu aliyekuwa tayari kupoteza kazi kwa kutunza siri, huku anafukuzwa kwa kuitoa. Alichukua bahasha, akaichana mara mbili, akaichana mara nne, akatafuta pa kuitupa, akaitia mfukoni. "Jumatatu saa mbili," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Usichelewe. Tuna sampuli ya kalamu ya kuchorea."

"Sijasikia hilo la kalamu," Kurunzi alisema.

"Mama, njoo usaini!" akasema mwanasheria haraka.

Akasaini kurasa tatu, akapewa nakala yake. Na hapo, kwa sababu furaha ikizidi haina breki, Mkurugenzi akaenda kwenye meza ndogo, akashika ncha ya kitambaa cha buluu, akakivuta kama mfanya mazingaombwe.

Alichokiona Kurunzi hakimo katika daftari lake. Alikuwa ameshasaini. Kilichomo ni kwamba alisema "Alaa!" na kwamba Randa, pembeni, alisimama wima kama baba wa mtoto aliyeshika namba ya kwanza.

*

Fundi wa mikoba aliwaona Randa na Kurunzi kutoka mbali. Alitoka kibandani mbio, futi ikipepea shingoni, akamkumbatia shemeji yake mpaka shati la arusi likatoa mlio.

"Wamekurudisha?"

"Jumatatu."

"Kabati langu! Dada yangu amepika chakula cha mtaa mzima, amesikia yote, anakusubiri akutukane kwa mapenzi." Akajifuta macho. Halafu akawavuta ndani, akageukia ukuta wake, na furaha ikapata kazi ya kufanya. "Haya, semeni sasa. Kesho laptopu inatoka, wateja wanakuja kuchukua mifuko asubuhi na mapema, themanini yote imeshawekewa oda. Haya masikio ni ya kweli? Niache au nitoe?"

Randa akatazama dari.

"Shemeji, ni mimi nakuuliza."

Randa akaendelea na dari.

"Dada Kurunzi, nisaidie."

Kurunzi akatazama viatu vyake. "Nimesaini," alisema. "Saa nne na robo."

"Hata wewe!" Fundi akawatazama wawili wale wakubwa, mmoja juu, mmoja chini, kama watoto waliovunja chungu. Masikio mia na sitini yalikuwa yanasubiri, na siku ilikuwa imeshafika mchana. Kesho watu themanini wangesimama hapo na laptopu mikononi, wakimkumbuka, kama kibao kilivyoahidi.

Kurunzi akatoa nakala yake ya hati. Akavaa miwani. Akaisoma kwa sauti, taratibu, kidole kikifuata mstari.

"Aliyesaini hataruhusiwa kusema, kuandika, kuchora, kupiga picha, wala kuonyesha ishara kwa kichwa au mkono…" Akageuza ukurasa. Akageuza wa tatu. Akarudi wa kwanza. Kisha akaikunja, akaivua miwani.

"Kufumua mishono sijaona," alisema, kama mtu anayejisemea mwenyewe.

Randa alifikiri kwa muda, kwa utaratibu wake, kipengele baada ya kipengele. Halafu akakunja mikono ya shati la arusi, akavuta stuli, akachagua wembe mkali kuliko wote mezani, akaushusha mfuko wa kwanza ukutani na kuanza na sikio la kushoto.